Bomba la Nyuma ya Pango

Majirani walimpachika jina la Kagua, kwa sababu hata salamu aliigeuzageuza kabla ya kuiitikia. Alikuwa fundi bomba, na miaka thelathini ya kulala chali chini ya masinki ilimfundisha kwamba penye unyevu pana mtu aliyefanya kazi ovyo. Mashaka yake yaliwafaa wenye nyumba. Nyumbani kwake hayakumfaa mtu.

Jumamosi moja mkewe alimvuta waende kuhiji katika mji mkongwe wenye pango la Bikira Maria. Mke alikuwa na uvimbe tumboni. Mara tatu alipangiwa upasuaji, mara tatu akaahirisha, na tarehe ya nne ilikuwa Jumatatu. Kagua alipomwona akifungasha dumu tupu, moyo ulimwambia: huyu atakunywa maji ya chemchemi, atangaze amepona, na uvimbe uzidi kukua.

Walipanda mtaa wa mawe uliojaa maduka ya rozari na mishumaa. Pangoni, chini ya miguu ya sanamu, maji yalichuruzika kutoka mwambani. Watu walipiga magoti. Kagua alitega sikio.

"Chemchemi haipumui hivyo," alinong'ona. "Hapo pana bomba."

"Baba watoto, watu wanasali."

"Sali tu. Mimi nakwenda kunyoosha miguu."

Hakunyoosha chochote. Alizunguka nyuma, akapenya katikati ya maua, akakuta alichokitafuta: bomba la nusu inchi, koki na mita ya maji. Alikuwa bado amechuchumaa pale sista mzee mwenye ndoo alipomfuma.

"Unatafuta choo, baba?"

"Sitafuti choo, Sista. Nimewakamata."

Sista alicheka mpaka ndoo ikamwagika. "Umetukamata na nini? Kasome kibao pale mlangoni. Chemchemi ilikauka zamani, tukavuta bomba, na tumeandika kwa herufi kubwa. Na kama wewe ni fundi, hiyo koki inavuja."

Kweli kibao kilikuwepo. Kagua alikuwa amekipita bila kukisoma, macho yakisaka yaliyofichwa. Hata hivyo alimrudia mkewe kifua mbele.

"Maji ya bomba! Wameandika wenyewe!"

"Najua. Nilisoma tulipoingia," mkewe alisema akifunga dumu. "Haya kaniagiza bibi jirani, naye anajua pia."

Kagua alimkazia macho. "Sasa wewe umefuata nini huku?"

"Bomba umelikagua. Mimi umewahi kuniuliza?" Aliweka dumu chini. "Nilipopasuliwa kumzaa kifungua mimba wetu, nilizinduka nikakuta kiti kitupu. Ulikwenda kuziba bomba la watu. Kisu sikiogopi. Nakiogopa kile kiti. Nimemwomba Mama Maria aniombee nipate mtu wa kukikalia."

Anayeshuku ulimwengu mzima husahau kujishuku mwenyewe, na hilo ni kosa, tusilipambe kwa kuliita tabia. Jumatatu hiyohiyo Kagua alikuwa ameahidi kufunga tangi hotelini, na mkewe hakuwa na habari. Kagua alitoa simu.

"Bosi, Jumatatu tafuta fundi mwingine... Hapana, sina mchezo. Mke wangu anapasuliwa, nitakuwa wodini."

Simu ilifoka mpaka mahujaji wawili wakageuka. Kagua aliikata. Mkewe alimtwika dumu, akamtazama vile yeye Kagua alivyozoea kulitazama bomba lililozibwa jana.

"Nitaamini nikizinduka," alisema.