Mwalimu wa Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo hujitanda ushungi kabla ya kufungua somo lake la Kiingereza kwenye simu. Bintiye, Hidaya, humcheka.

“Mama, mwalimu huyo ni wa video. Hakuoni.”

“Mimi namwona.”

Wala hamkatizi, humsikiliza kwa adabu mpaka aage, ndipo azime simu.

Jana, sokoni Walthamstow, huku Uingereza, alipatana bei ya bamia kwa Kiingereza, Hidaya kasimama kando, na muuzaji akampa na nyongeza. Alirudi nyumbani mbio, akajitanda, akafungua somo la kwanza. Mwalimu akamuuliza habari za leo, kisha akanyamaza kidogo apate jibu, kama kawaida yake. Bi Mwanakombo akaanzia kwenye bamia. Mwalimu alipofungua mdomo tena, akamsimamisha kwa kidole kwenye kioo.

“Ngoja, mwalimu. Sijamaliza.”