Namba Iliyokuwa Kiganjani

Nilirudi Kigoma na stashahada ya bima niliyoisomea Dar es Salaam huku nikibeba magunia sokoni. Hakuna mjomba wala mfadhili aliyenishika mkono. Katika somo la madai sikupitwa na mtu.

Wiki ya pili nilipanda kijijini Kalinzi na mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, kumsalimia shangazi. Tukisubiri usafiri wa kurudi, niligeuka kuchagua ndizi. Nikasikia kishindo, kisha ukelele. Kutazama barabarani, vumbi limejaa kwenye kona, mdogo wangu yuko chini, mfupa wa mguu umetoboa sketi, na pikapu nyeupe imesimama karibu na kichwa chake.

Kwetu, gari lililosimama ndilo lililogonga. Hakuna anayeuliza.

"Mtoeni huyo!" watu wakapiga kelele, wakilizunguka gari.

Dereva, mzee wa makamo, alivutwa kupitia dirishani. Mpini wa jembe ukampasua paji la uso. Akanyoosha kiganja, akilia, "Tazameni mkono! Tazameni!" Nilidhani anaomba huruma. Niliukanyaga ule mkono kwa kiatu changu cha ngozi, mara tatu, mpaka ukalia kama muwa unaovunjika.

"Mnamuua nani, nyie?" Muuza ndizi alijitupa juu yake. "Ni lori la mchanga! Huyu kasimama kusaidia!"

Kiganjani mwake mlikuwa na wino, damu na udongo. Alikuwa ameandika namba ya lile lori, na sasa haikusomeka.

Nilijua kuliko wote pale: gari likijulikana, bima yake humlipa majeruhi. Lisipojulikana, humpati wa kumdai. Hospitalini walimkata mdogo wangu mguu juu ya goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga.

Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake, mtaa wa Katubuka. Mkono ulikuwa ndani ya plasta mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenye viatu."

Nikapiga magoti. Nikamwomba namba.

"Inaanza na T," akasema.

"Mzee, magari yote yanaanza na T."

"Basi umekwisha kuipata nusu, msomi." Hakucheka. "Ninayo yote. Kila mlipopiga niliirudia moyoni, nikijua nikifa itapotea. Twende kituoni. Wewe uandike kwanza mlichonifanya, kwa huo mwandiko wa chuo. Kisha nitataja."

Nilijua hiyo karatasi ingeweza kunifunga. Nilimfikiria mdogo wangu akiitazama cherehani yake.

Kituoni askari alinipa kalamu. Niliandika mpini, paji la uso, kiatu, mara tatu. Nikatia sahihi. Mzee alisomewa, akatikisa kichwa kukubali. Mkono wake haukuweza kushika kalamu, kwa hiyo aliomba, na askari akakubali, maelezo yake nayo niyaandike mimi. Alitaja namba polepole, tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi, na sikukosea hata moja.