Penalti Niliyoidaka Mikindani

Nimekwisha kutoa majibu manne tofauti kwa swali hilohilo, na yote niliyaamini wakati nayatoa. Kwa mke wangu nilisema mikono ilijiendea. Kwa walimu wenzangu nilisema mchezo ni mchezo. Kwa imamu, ambaye hata hakuniuliza, nilisema niliogopa kudhulumu. Kwa mwenyekiti wetu nilisema sijui, na hilo ndilo jibu pekee ambalo bado sijalibadilisha.

Swali ni kwa nini mimi, katibu wa timu ya mpira ya Mikindani kwa miaka kumi na saba, niliidaka penalti ya timu yangu mwenyewe siku ambayo bao moja lingetubakiza kwenye ligi ya mkoa.

Kwanza mjue kwamba ratiba ya ligi hupangwa na watu wasiookota korosho. Kila mwaka tunaandika barua, na kila mwaka ratiba inatoka vilevile: mechi za mwisho zinaangukia Oktoba na Novemba, wakati mabibo yanadondoka na kila mwenye mikono miwili yuko shambani. Beki unayemtegemea anakutumia ujumbe kwamba yuko kwa mjomba wake, mvua inakaribia, tusimsubiri. Sisi wa pwani tuna nafuu kidogo kwa sababu baadhi ya vijana wetu ni wavuvi na mafundi, lakini hata sisi siku ile tulipata kumi tu. Wa kumi na moja alikuwa amemsindikiza babu yake kwenye mnada wa korosho.

Tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Tukishinda tunabaki, tukitoka sare au tukifungwa tunashuka daraja. Na kwetu kushuka si neno la gazetini. Ligi ya chini haijachezwa kwa misimu miwili kwa sababu timu zinazojiandikisha hazifiki idadi. Ukishuka huko, huna wa kucheza naye.

Mwenyekiti wetu ni Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mikindani, karibu na yale majumba ya mawe. Timu ilianzishwa na marehemu baba yake pamoja na wabeba mizigo wa dukani. Watoto wa Mwenyekiti wote wako mbali na hakuna hata mmoja anayependa mpira. Aliwahi kuniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya misumari, kwamba timu ndiyo mali pekee ya baba yake ambayo haikugawanywa kwenye mirathi. Mimi namwita Mwenyekiti, yeye ananiita Katibu, hata tukikutana sokoni kila mtu na kikapu chake.

Siku hiyo wapinzani walikuwa timu ya Nanyamba, watani wetu wa jadi. Walikuja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kilipoegeshwa pembeni ya uwanja wa shule nikahesabu wanaoshuka. Mimi ni mwalimu, kuhesabu vichwa ni ugonjwa wangu. Walishuka vijana sita, kisha akashuka mama mmoja na mkoba wake. Huyo mama ndiye kiongozi wao. Ni mjane, mkulima wa korosho, na aliipokea timu kwa sababu wanaume walikuwa hawajamaliza kugombana nani aipokee.

"Habari za hapa, mwalimu?"

"Nzuri, mama. Wengine wako nyuma?"

"Wengine wako shambani. Nimekuja na hawa."

Kanuni inasema timu yenye wachezaji chini ya saba haichezi. Wao walikuwa wameshakosa mechi moja msimu huo, na anayekosa mara mbili anafutwa kabisa. Kamisaa wa mchezo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na fomu zake mapajani, akatangaza nusu saa ya kusubiri. Nusu saa ikiisha nao wakiwa sita, sisi tunapata pointi tatu za mezani na tunabaki kwenye ligi. Nilifurahi. Nilifurahi kwa kama dakika mbili hivi.

Kisha yule mama akanijia.

"Mwalimu, niazime mtu mmoja."

Nilicheka. "Mama, mchezaji haazimwi kama kinu."

"Hata kinu huazimwi kama hujulikani. Mimi unanijua. Nitamrudisha."

Kulikuwa na jambo ambalo hakulitaja. Msimu uliotangulia gari letu lilikwama mchangani tukielekea kwao, tukafika tumechelewa mno. Wangeweza kutupiga mezani. Badala yake mama huyuhuyu alimbembeleza kamisaa wa siku ile mpaka akakubali kusubiri. Angelitaja hilo ningekasirika, na hasira ingenisaidia kumnyima. Hakulitaja. Alisimama tu akiangalia nyavu zetu zilizofumwa upya na wavuvi.

Nikampelekea Mwenyekiti habari. Akaangalia saa yake.

"Katibu, wewe kaa kimya. Saa inatembea yenyewe."

Mambo yangeachwa hapo, leo tungekuwa na timu. Lakini mshambuliaji wetu, kijana niliyemfundisha tangu darasa la nne, alikuwa anafunga kamba za njumu karibu yetu, akadakia, "Si tuwape mwalimu mwenyewe? Sisi kumi, wao saba na mzee golini. Tunawapiga tano, wao hawafutwi, sisi tunabaki. Kila mtu anakwenda kwake na amani."

Vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti naye akacheka, na Mwenyekiti hacheki ovyo. "Haya," akasema, "mchukueni."

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Mara ya mwisho kudaka kwenye ligi hata simu ya mkononi sikuwa nayo. Yule mama alitoa mkobani leseni ya kipa wao, ambaye saa hiyo alikuwa juu ya mkorosho fulani huko Nanyamba. Picha ilikuwa imefifia kwa jasho. Kamisaa akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena.

"Umezeeka ghafla," akasema, akaandika.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mamluki, mimi niliyekwisha kuandika barua tatu kali kulalamikia mamluki wa timu nyingine.

Sasa nataka jambo moja lieleweke, kwa sababu ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka. Hakuna aliyeniambia niachie mabao. Mwenyekiti hakusema, vijana hawakusema. Ilijulikana tu, kama mpita njia anavyojua kwamba akiambiwa "karibu tule" si lazima avue viatu akae. Na yule mama, aliponipa glavu, naye alikuwa na lake.

"Sikuombi zaidi ya hapo ulipofika," alisema. "Ila hawa vijana wameokota korosho tangu alfajiri ndipo wakapanda gari. Ukiwaona wanakimbia, kimbia nao."

Niliingia golini nikiwa nimeapa moyoni kucheza kama mlango uliosahauliwa wazi. Shida ni kwamba timu yangu haikuweza kuuona huo mlango. Walicheza kama watu walioshinda tangu asubuhi. Visigino, chenga za mbwembwe, mashuti ya juu kuelekea paa la darasa la sita. Mpira mmoja ulinigonga kifuani nikiwa bado nafikiria wapi pa kusimama, na watu wakacheka, nikacheka nao. Wale sita wa Nanyamba hawakuwa na nafasi ya kucheka. Walikuwa wanakimbia kwa zamu kama watu wanaozima moto. Mmoja wao, beki mfupi, vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya korosho, na kila mpira ulipotoka alikuja kunishika mkono na kusema, "Ahsante kaka, ahsante." Kaka! Ningeweza kumzaa.

Kipindi cha pili kicheko kilikwisha. Nilidaka shuti moja zuri, sikatai. Lilikuja chini, nikalala, likanasa. Kutoka upande wa mashabiki wetu mtu akapaza sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Mwenyekiti alikuwa ameinuka kwenye kiti. Nilitaka kumpungia mkono, kumwambia asijali, bado kuna muda, nitafanya mambo. Lakini unampungiaje mtu mkono kwa jambo ambalo hamjaambiana?

Zikiwa zimebaki dakika chache yule beki wa vidole vilivyobabuka akaushika mpira ndani ya boksi. Penalti. Hakubisha hata. Alikaa chini mchangani akajifunika uso na jezi.

Mshambuliaji wetu akaweka mpira. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga penalti, na tangu ana miaka kumi hupiga kushoto kwa kipa, na tangu ana miaka kumi namwambia abadilishe. Akanitazama. Akanikonyeza. Nikaelewa, nikashukuru hata, kwa sababu hatimaye mtu mmoja alikuwa amesema jambo waziwazi. Nikaamua kuruka kulia. Kwa hili niko tayari kushika msahafu: niliamua kulia.

Filimbi ikalia. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala upande wa kushoto, mchanga mdomoni, mpira umebanwa tumboni.

Yule beki aliniangukia mgongoni akilia machozi ya kweli, na wenzake wakafuata, wakinuka jasho na mabibo. Dakika zikaisha bila bao. Nanyamba hawakufutwa. Sisi tukashuka daraja.

Mshambuliaji wetu alinijia mikono kiunoni.

"Mwalimu, nilikukonyeza."

"Nilikuona."

"Sasa?"

Nikavua glavu. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

Mke wangu alisikia habari kabla sijafika nyumbani. "Mbona hapa sahani zinakuponyoka kila siku?" akaniuliza. Sokoni wauza samaki walianza kuniita Kipa wa Nanyamba, na mmoja alikataa kunirushia samaki changu kwenye kikapu, akasema mpelekeeni mkononi, huyu ukimrushia harudishi. Nilicheka kwa wiki moja. Wiki ya pili nikawa napita njia ya nyuma.

Nimejaribu kujielewa na nimeshindwa. Nikisema nilikuwa mwaminifu, najiuliza uaminifu gani, wa mtu aliyeingia uwanjani kwa leseni ya mwingine? Nikisema nililipa fadhila ya mwaka ule wa mchanga, hiyo niliilipa nilipovaa jezi yao tu. Iliyobaki siipendi. Nilipokuwa kijana nikiidakia Mikindani, sikuwahi kudaka penalti ya ligi hata moja. Na pale chini, kabla sijakumbuka mimi ni nani na jezi niliyovaa ni ya nani, nilifurahi kuliko siku niliyooa. Mke wangu asisome hapa.

Mwenyekiti hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza mara moja tu kwa nini, nikasema sijui, akasema, "Mshika mawili, Katibu," na methali hakuimalizia. Alinunua mipira miwili mipya kama kila mwaka, akaja uwanjani kila Jumamosi na kiti chake. Lakini vijana hawafanyi mazoezi ya mechi isiyokuwapo. Wawili walichukuliwa na timu ya Mtwara mjini. Mmoja alihamia upande wa Mnazi Bay kuvua. Wengine walikuja na fomu za uhamisho kwa aibu, wanazitoa mfukoni baada ya kuzungumzia hali ya hewa, na mimi kama katibu nikasaini, moja baada ya nyingine.

Katikati ya hayo yule mama wa Nanyamba alinipigia simu. Alitaka niwafundishe makipa wake, siku za Jumamosi, wananitumia bodaboda mpaka barabara kuu. Nilikataa. Kisha nikaenda, mara mbili, nikimwambia mke wangu nakwenda kuangalia mihogo ya shangazi. Kule vijana walinipokea kwa kupiga makofi. Niliona haya, na niliona raha, vyote viwili kwa pamoja. Niliporudi mara ya pili nikaandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Niliiandika usiku mmoja na nikatembea nayo siku tisa.

Siku ya tisa mshambuliaji wetu alinifuata shuleni na fomu yake. Alikuwa anahamia Nanyamba.

"Hukuniambia," nikasema.

"Na wewe hukuniambia," akasema.

Fomu ilihitaji saini mbili, ya kwangu na ya Mwenyekiti, tukaenda wote dukani. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya kaunta akipanga bawaba. Aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, kisha akasaini polepole, akaipuliza wino ukauke.

"Huyu ndiye wa mwisho?"

"Ndiye wa mwisho, Mwenyekiti."

Akampa kijana mkono, akamwambia abadilishe upande wa kupiga penalti. Kijana akashukuru akaondoka. Mimi nikabaki pale nikisoma maandishi ya kwenye makopo ya rangi. Nilipogeuka, Mwenyekiti alikuwa amenyoosha kiganja juu ya kaunta.

"Na ya kwako, Katibu?"

"Ya kwangu ipi?"

Kiganja hakukiondoa. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu jeupe la kazini, shati jepesi la kuonyesha kila kitu.

"Sina," nikasema.

Akautazama mfuko, akarudisha mkono wake. Akaniuliza Jumamosi tukutane uwanjani saa ngapi. Nikamwambia saa kumi.