Muhuri wa Pembe Mbili

Mwanamke wa kijiji cha Mwamapalala alilitupa jembe miguuni pangu nikiwa nanyonyesha mlangoni mwa karakana ya baba mkwe. Lilikuwa limekatika katikati kama biskuti.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "hii ni alama yenu au siyo?"

Karibu na tundu la mpini kulikuwa na pembe mbili za ng'ombe, alama yetu. Niliokota jiwe nikaligonga lile jembe. Jembe letu ukiligonga linalia. Hili lilitoa sauti ya sufuria iliyotoboka.

"Alama ni yetu. Jembe si letu."

"Sasa mimi nikalimie alama?"

Kabla sijamjibu, baba mkwe alitoka ndani na jembe jipya, akampa kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Hilo lilikuwa la sita wiki ile. Nikamfunga mtoto mgongoni, kisha nikafanya kitu ambacho mkamwana hafanyi: nikamfokea baba mkwe mbele ya mteja.

"Baba, tutabeba uchafu wa mtu mwingine mpaka lini?"

"Likivunjika, lirudi," alisema, akaingia ndani.

Maneno hayo ndiyo yaliyoijenga karakana. Baba yake alianza na kipande cha reli kama fuawe, akifua majembe kwa springi za malori mabovu. Baadaye wakaongeza fyekeo na reki. Jembe likivunjika kabla msimu haujaisha, unalirudisha, unapewa lingine bila maswali. Wakulima wa pamba mpaka Ipililo waliambiana, na ushirika ukawa unaagiza kwetu kila mvua zinapokaribia. Nilipoolewa, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, mivukuto ilikuwa haipoi.

Kisha mambo yakawa ruksa, serikali ikaachia kila mtu auze atakacho. Ushirika ukayumba, na majembe ya nje yakajaa sokoni, mepesi, yamepakwa rangi ya kung'aa. Hayo tungeyaweza, maana wakulima walijua kugonga na kusikiliza. Kilichotumaliza ni muhuri, kile chuma cha kugongea pembe zetu mbili.

Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alikuja, akasalimia kwa Kisukuma cha heshima. Alisema majembe yake yanaibwa stoo, anaomba kuazima muhuri wetu siku mbili ayawekee alama. Mume wangu alikohoa kumwonya baba yake. Baba mkwe akautoa. Kwake yeye, kumnyima jirani chombo cha kazi ni sawa na kumnyima moto wa kupikia. Muhuri ulirudi baada ya siku tisa na hakuna aliyeuliza. Hata mimi, niliyekuwa nakoroga uji pale pale, sikuuliza. Inaniuma mpaka leo. Mvua zilipokaribia, majembe yake yakawa yanauzwa sokoni yakiwa na pembe zetu.

Basi siku ile nililibeba jembe lililokatika mpaka kwa afisa biashara.

"Alama hii mmeisajili wapi?"

"Kwenye mashamba ya watu."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Dada, mashamba hayana rejesta. Haya, andika malalamiko. Ila eleza huyo bwana aliupataje muhuri."

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi. Baba mkwe alisimama mlangoni, akinitazama naandika.

"Mayu, andika aliiba."

"Hakuiba, baba."

"Ukiandika nilimwazima, mji mzima utasema mzee amekuwa mjinga."

"Nikiandika aliiba, ataleta mashahidi kwamba ulimpa mwenyewe, na tutakuwa waongo wawili, yeye na sisi. Si wewe unayesema likivunjika lirudi? Hili ndilo limerudi, baba."

Alikwenda kuwasha moto, nikasikia nyundo ikianza, nzito kuliko kawaida. Nikaandika, na kesho yake asubuhi nikaipeleka barua mwenyewe:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATUMIZI YA ALAMA YETU. Mlalamikiwa aliazima muhuri wa karakana yetu kutoka kwa baba mkwe wangu, ambaye alimpa kwa hiari baada ya kuelezwa kuwa ni wa kuzuia wizi. Ameugonga kwenye majembe ambayo hatukuyafua, na anayauza kama yetu. Naomba azuiwe kuyauza, na atangaze kwa mdomo wake, siku ya mnada, kwamba si yetu. Yatakayoendelea kurudishwa tutayabadilisha mpaka chuma kituishie. Naambatanisha jembe moja, vipande viwili."