Nilimtoa Dada Yangu Ndani ya Eda Nikampeleka Unguja

Jamani, aliyekosa ni mimi. Si shetani, si walimwengu, si bahati mbaya. Ni mimi, kwa akili zangu timamu, niliyemvua mtoto wa dada yangu jina la baba yake, na yote yalianza kwa hamu ya kwenda kupumzika Unguja! Naomba jina langu lisitajwe, ingawa wanaonifahamu hapa Kinondoni watanijua tu.

Wakati huo nilikuwa kijana, karani katika ghala la Mhindi mmoja mjini. Kwetu ni kusini, upande wa Kilwa, na wazazi wetu walikwisha kufa. Tulibaki wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, Zainabu. Aliolewa Temeke na fundi seremala aitwaye Salum, mtu mpole kweli kweli. Hawakukaa sana. Salum alishikwa na homa, na kabla hatujajua la kufanya tukawa tunamzika.

Zainabu akaingia eda. Akakaa ndani ya nyumba ya marehemu, kaniki mwilini, hana wanja, hana manukato, mlangoni hatoki. Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi wa Kunduchi, alikuwa akija na kapu la samaki, anamliwaza, kisha anarudi kwake. Mimi kaka mtu kazi yangu ilikuwa kupita jioni kumtazama. Kazi hiyo tu, na hiyo nayo ikanishinda!

Maana nilikuwa na likizo yangu. Niliipanga zamani, hata kabla ya msiba. Rafiki yangu wa Ng'ambo, kule Unguja, alikwisha niahidi chumba. Asubuhi nitaoga baharini Bububu, mchana nitalala nichoke kulala, jioni halua na kahawa Darajani. Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu ghalani mpaka wakawa wananikimbia. Sasa niache yote hayo kwa sababu ya eda ya mtu mwingine? Ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe.

Kwenda peke yangu nikaogopa maneno ya watu. Wangesema kaka gani huyu, kamtupa dada yake mfiwa kaenda kustarehe. Basi nikaona njia ni kumchukua. Nikajidai namhurumia.

Na alikuwa amekonda kweli. Siku niliyokwenda kumshawishi alikuwa kalala kwenye mkeka, macho yamemwingia ndani.

"Kaka, mie asubuhi natapika," akaniambia. "Hata harufu ya samaki siiwezi."

"Huzuni hiyo. Upepo wa Unguja utakuponya."

"Na eda yangu?"

"Eda iko moyoni, Zainabu. Nani atajua? Tunakwenda, tunarudi."

"Mama mkwe akija je?"

"Jirani atamwambia uko kwangu, unaumwa. Nani atatoka huko aje Kinondoni kuhakikisha?"

Kwake mimi ndiye niliyekuwa baba na ndiye niliyekuwa mama, na nikisema jambo hakuwa na wa kumkimbilia. Akainuka, akaanza kufunga nguo zake.

Melini alitapika njia nzima. Nikamcheka! Nikamwambia bahari imemkataa, nikamnunulia ndimu alambe. Mwanamke yeyote mtu mzima angemtazama mara moja akajua. Mimi nilikuwa nimeegemea ukingo wa meli natafuta kuiona Unguja.

Kosa halikuishia hapo. Tulipofika nikamwambia avue kaniki, watu wasije wakatuuliza maswali. Nikamnunulia kanga nyekundu, mpya, bado ina harufu ya dukani. Alikataa mpaka akalia. Nikakasirika, nikamwambia sikuja Unguja kutembea na msiba. Akaivaa.

Tulikuwa Darajani, nimeshika halua yangu, nikasikia naitwa. Kugeuka, ni muuza nazi wa Temeke, jirani kabisa wa marehemu. Alinisalimu, kisha macho yake yakaenda kwa dada yangu, yakashuka kwenye ile kanga.

"Shemeji," akasema taratibu, "pole na msiba."

Zainabu alijifunika uso. Mimi nikajichekesha, nikasema tumeletwa na matibabu. Yule bwana akaenda zake. Tangu hapo halua haikunipita kooni. Kila meli iliyoondoka bandarini niliona inakwenda kunisemea. Lakini mnaamini kwamba hata hivyo sikurudi? Nilikaa mpaka likizo ikaisha, kwa kuwa ilikuwa yangu na niliisubiri!

Huku nyuma Bi Mwanaidi alikuwa amefika Temeke na kapu lake. Jirani akamwambia kama nilivyomfundisha, kwamba mkwewe anaumwa, yuko kwa kaka yake. Yule mama hakurudi Kunduchi. Akaja kwa miguu mpaka Kinondoni na jua lile, kumtazama mgonjwa. Akakuta kufuli. Mama mwenye nyumba wangu, wala hakuwa na ubaya, akamwambia, "Mbona wamekwenda Unguja kupumzika? Hawakukuaga?"

Siku tuliyorudi tulimkuta Hamisi, mdogo wake Salum, amekaa kizingitini pa nyumba ya marehemu. Vyombo vya Zainabu vilikuwa nje, vimepangwa vizuri, hakuna hata kimoja kilichovunjwa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mmepumzika?" akatuuliza.

Nikaanza kujieleza. Zainabu akanikatiza. Kumbe kule Unguja alikwisha jijua hali yake, akaogopa kuniambia mimi.

"Shemeji," akasema, "mie nina mimba ya kaka yako."

Hamisi alisimama. "Mimba! Ya kaka yangu, au ya huko mlikotoka? Mwenye mimba ya marehemu anakaa ndani watu wamwone, hatoroki akavaa kanga nyekundu Darajani!"

Bi Mwanaidi akatoka ndani. Nilitarajia matusi, ningeshukuru matusi. Alimshika Zainabu mkono, huku analia.

"Mwanangu, ungeniambia hili kabla hujatoka ndani ya nyumba hii, ningekubeba mgongoni. Sasa mie nitajuaje?"

Zainabu akanigeukia mimi. Nikainama kuokota vyombo vyake.

Mtoto alizaliwa kwangu, wa kike. Mkunga alisema ametimia, miezi yake yote anayo, kwa hiyo mimba ilikuwako kabla Salum hajafa. Hamisi akajibu kwamba watoto wa miezi saba wamejaa tele na wengine wanene kuliko huyo. Dada yangu akampa jina la bibi yake, Mwanaidi, akitumaini moyo wa yule mama utalainika. Ukoo wote wa Kunduchi haukuja hata kumtazama. Bibi yake alikufa hajampakata. Na mtoto kila akikua anazidi kuwa Salum mtupu, paji la uso lile lile, hata kukohoa kwake!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona haya zaidi.

Juzi juzi binti aliposwa na kijana mwema. Walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni mtu wa upande wa baba. Baba mdogo wake ni Hamisi. Mimi mjomba sina haki hiyo hata nimlee miaka mia. Nikaenda kwa Hamisi, nikampigia magoti.

"Nendeni Unguja mkamtafute baba yake huko," akaniambia. "Na jina la kaka yangu likitajwa kwenye mkeka huo, nitasimama mbele za watu niseme ninayoyajua."

Nikaenda kwa kadhi. Alinisikiliza, akakubali yeye mwenyewe amwozeshe.

Siku ya ndoa tulitandika mikeka mbele ya nyumba baada ya sala ya Alasiri. Wanawake walikuwa ndani na bibi arusi, dirisha wazi. Watu wamekwisha kaa, ubani unafuka, mara Hamisi huyo! Hakukaa. Alisimama pembeni na kanzu yake nyeupe, akanikazia macho.

Kadhi akaniuliza, "Mwanaidi binti nani?"

Nilimtazama Hamisi, nikatazama wakwe wageni, nikaona ndoa inavunjika mbele yangu. Kadhi akaniuliza mara ya pili.

"Abdallah," nikasema.

Jamani! Waislamu wenzangu mnajua. Sote ni waja wa Mungu, na jina hilo ndilo analopewa asiye na baba wa kujulikana. Watu wakainamisha vichwa. Kadhi alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuozesha, "Mwanaidi binti Abdallah." Hamisi akavaa makubadhi yake akaondoka. Alipomaliza kadhi tulingoja vigelegele kutoka dirishani. Havikuja.

Nilipoingia ndani, Zainabu alikuwa anamfuta mwanawe wanja uliomchuruzika mashavuni. Hakuinua sauti.

"Hamisi alimkataa kwa kuwa hajui," akaniambia. "Wewe kaka ulikuwa unajua."

Tangu siku hiyo hajasema na mimi tena. Binti naye aliondoka kwenda kwa mumewe hakuniaga, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya mlango uliofungwa.

Nyie makaka, mwenye dada aliye ndani ya eda akae naye, amlinde mpaka atoke kwa heshima. Likizo ni ya kila mwaka, na Unguja haiendi popote! Na ukiulizwa mbele za watu jina la mtu, nawe unalijua, litamke, hata aliyesimama pembeni akutolee macho. Baba yake alikuwa Salum, fundi seremala wa Temeke. Leo naliandika gazetini ambako halimfai mtu, kwa sababu siku ile kwenye mkeka niliogopa.