Kinyozi na Swali la Roboti

Televisheni ya kinyozi wetu ilitundikwa juu ya kioo tarehe 3 Machi 2019, na tangu siku hiyo hajanyoa mtu mpaka mwisho bila kusimama. Ana vidole vyepesi na sauti ya upole, kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Filamu ikimgusa, huzima mashine, hukung'uta kitana pajani mara mbili, kisha huuliza swali.

Jumamosi hii aliyekaa kitini ni bwana harusi. Upande wa kulia umeshanyolewa, wa kushoto bado ni kichaka, na harusi ni baada ya saa moja. Kwenye filamu, roboti amebadilishwa kiungo kimoja kimoja mpaka hakikubaki hata kimoja cha zamani. Mashine inazimwa. Kitana kinagonga paja.

"Sasa yule mchumba wa roboti anampenda yupi, wa zamani au huyu mpya?"

"Mjomba, nimalizie tu. Mimi ni yuleyule."

"Hata roboti kasema hivyohivyo."

Shangazi wa bibi harusi anaingia kumfuata mkwe wake. Anakitazama kichwa kile upande huu, kisha upande ule.

"Bwana harusi wetu ni yupi hapa?"

"Umesikia?" kinyozi anamwambia mteja wake. "Si mimi peke yangu."

Shangazi anazima televisheni, kisha anaikalia rimoti. Kinyozi anawasha mashine na kuanza upande wa kushoto.