Safari ya Bissil Kuchukua Vitabu vya Profesa Nasieku

Nilitumwa Bissil kwa sababu katika kamati ya chumba chetu cha kusoma, hapa Kitengela, ni mimi tu nisiye na kazi ya kueleweka. Wenzangu wana maduka, wana kuku, wana ploti. Mimi huandika insha. Profesa Nasieku, aliyefundisha fasihi Marekani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa akivitafutia makao vitabu vya marejeo alivyovitunga mwenyewe: juzuu nene zinazoeleza maisha na kazi za waandishi wa Marekani waliowekwa pembeni, wakiwemo weusi, wenyeji wa asili, wahamiaji, na wapenzi wa jinsia moja. Sisi tulikuwa na rafu mpya, na juu yake Biblia moja na katalogi ya mbolea.

"Leta zote," alisema Mama Wambui, mwenyekiti wetu, "lakini hiyo ya mashoga iache. Mwambie gari imejaa."

"Mama, gari yangu ni stesheni wagoni."

"Basi ijaze."

Asubuhi nikashika barabara ya Namanga. Kwa kuwa sipendi kusema uongo, nilisimama Isinya nikanunua matikiti maji hadi buti likakataa kufungwa vizuri. Sasa ungekuwa ukweli. Hiyo ndiyo faida ya kusoma chuo kikuu.

Mjini Kajiado nilikunywa chai, nikafanya mazoezi ya kusikitika mbele ya kioo cha gari.

Bissil nilifika siku ya soko. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, nikangoja wamalize shughuli zao. Profesa alinipokea langoni, shuka begani, miwani kifuani.

"Takwenya, yeiyo," nikamwamkia kama mama, kwa Kimaa changu chote.

"Iko," akaitikia. "Karibu, kijana wangu." Mimi, mwenye mvi na kitambi, nikawa kijana. Akachungulia buti. "Umeniletea matikiti? Yote haya?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Jioni ng'ombe waliporudi, yeye na kaka yake, Mzee Parmuat, walisimama kwenye lango la boma wakiwatazama wakiingia. Nikaona nichangamshe mazungumzo.

"Hawa ni wangapi, Mzee?"

Mzee Parmuat alinitazama kana kwamba nimemuuliza atakufa lini. Profesa akacheka mpaka akashika nguzo.

"Msamehe, ni mtu wa Kitengela," alimwambia kaka yake. Kisha akanigeukia. "Ng'ombe hawahesabiwi. Ni kuwaitia balaa. Sisi tunaangalia tu, tunajua nani hayuko."

"Bila kuhesabu?"

"Wewe watoto wako unawahesabu wakikaa mezani? Hata kule Marekani nilifanya kazi hivyo. Nilifungua yale makamusi yao makubwa ya waandishi, nikaona lango, nikaona walioingia. Nikauliza, na wengine wako wapi? Nikatoka kwenda kuwatafuta."

Kesho yake asubuhi tulipoanza kubeba vitabu, alishika juzuu niliyoagizwa kuiacha, akaifuta vumbi kwa shuka.

"Hii wachapishaji wa kwanza walitaka niitoe. Nikawaambia, mkikataa mmoja nawarudisha wote nyumbani. Na wewe nakwambia hivyo hivyo. Zikae pamoja, ama unirudishie zote. Sina nguvu ya kuziandika tena."

Nilifungua mdomo niseme gari imejaa. Mzee Parmuat alikuwa tayari anawakatia mbuzi matikiti.

Kurudi, gari lilikuwa limeinama nyuma kama lina maombi. Kajiado nilipita nikiwa jasiri. Isinya nilipita nikiwa bado na msimamo. Kitengela nilimkuta Mama Wambui mlangoni pa chumba cha kusoma, nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa insha.

"Hiyo pia umeleta?"

"Zote au hakuna, Mama. Ukiitoa hii, kesho nazirudisha Bissil."

Alitazama rafu. Alitazama katalogi ya mbolea.

"Una kichwa ngumu. Haya, ziweke. Lakini wazazi wakija kulalamika utakaa hapa Jumamosi uwajibu. Mimi simo."

Nilichojifunza ni kwamba msimamo una zamu. Nimekaa Jumamosi nyingi sasa na hakuna mzazi aliyelalamika. Wengi huuliza choo kiko wapi.

Juzi Mama Wambui aliingia, akaichukua ile juzuu aliyotaka niiache, akakaa amenipa mgongo. Alisoma muda mrefu, kidole kikifuata mistari.

"Huyu hapa," alisema bila kugeuka, "wanasema aliishi na mwenzake maisha yake yote, na mamake akafa bila kujua."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine.

"Mamake alijua."